Sura ya Tano: Tandale Katika Ukurasa wa Kwanza

Miongoni mwa kata za Wilaya ya Kinondoni, ni chache ambazo majina yake yamesafiri mbali kama la Tandale, na sababu kubwa ya safari hiyo ni muziki: Diamond Platnumz, msanii wa Bongo Fleva aliyekulia katika kata hiyo, aliipa albamu yake ya mwaka 2018 jina la A Boy from Tandale, na habari, picha na video zinazolitaja jina hilo zimelundikana mtandaoni kwa wingi ambao mfanyabiashara wa kawaida hawezi kushindana nao. Hali hiyo inampa mwenye tovuti ndogo somo la kwanza kuhusu injini za utafutaji, yaani huduma kama Google na Bing zinazopokea maneno ya mtumiaji na kumrudishia orodha ya kurasa zilizopangwa kwa daraja: nafasi ya kwanza haipewi tovuti nzima, bali hupewa ukurasa mmoja mbele ya swali moja. Muuza nafaka wa Soko la Tandale anayetamani kuongoza kwa neno “Tandale” pekee anagombea kitu ambacho hata akikipata hakitamuuzia gunia, kwa kuwa anayeliandika neno hilo huenda anatafuta wimbo, habari za msanii au ramani ya kata, ilhali yule anayeandika “bei ya maharage ya jumla Tandale” amekwisha kuamua anachotaka na kilichobaki ni kujua kwa nani atakipata.

Ili kuelewa jinsi daraja linavyopatikana, inafaa kutenganisha kazi tatu ambazo injini ya utafutaji huzifanya. Ya kwanza ni utambazaji, ambapo programu maalumu, inayoitwa roboti au buibui, hupita kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, yaani maneno au picha ambazo zikibofywa humpeleka msomaji mahali pengine. Ya pili ni uwekaji wa faharasa, ambapo yaliyomo katika kila ukurasa huchambuliwa na kuhifadhiwa katika orodha kubwa ya maneno na mahali yanapopatikana. Ya tatu ndiyo upangaji wenyewe, unaofanyika kila mtu anapouliza. Wenye tovuti wengi huitibu hatua ya tatu wakati ugonjwa uko katika ya kwanza au ya pili: ukurasa ambao hakuna kiungo kinachoufikia, au uliowekewa agizo la kutosajiliwa wakati fundi akiujenga na agizo hilo likasahaulika, hauna daraja la juu wala la chini, kwa sababu haumo katika faharasa. Kuthibitisha jambo hili hakugharimu kitu, kwani Google hutoa bure huduma iitwayo Google Search Console inayomwonesha mwenye tovuti ni kurasa zipi zimesajiliwa na zipi zimeachwa, na ukaguzi huo ufanyike kabla ya mtu yeyote kulipwa hata shilingi moja kwa ahadi ya kuipandisha tovuti.

Upangaji ndio ulioijengea Google jina. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza njia waliyoiita PageRank, ambayo haikuishia kuhesabu ni mara ngapi neno limetajwa katika ukurasa, bali iliuliza ni kurasa gani nyingine zinauelekezea ukurasa huo viungo, na kurasa hizo nazo zinaelekezewa na nani. Yeyote aliyewahi kufungua akaunti ya benki jijini Dar es Salaam anaijua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na kiungo kinafanya kazi inayokaribiana nayo: kinasema kwamba fulani anafahamika, na uzito wake hutegemea muhuri wa anayeitoa. Tangu wakati huo vigezo vimeongezeka mno, lakini wazo la ushuhuda wa wengine halijaondolewa. Kwa mfanyabiashara wa Tandale, maana yake ni kwamba kiungo kimoja kutoka gazeti linalosomwa, chuo kilichofanya utafiti sokoni au kampuni ya usafirishaji anayofanya nayo kazi kina thamani kubwa kuliko mamia ya viungo kutoka tovuti ambazo zimeundwa ili ziuze viungo tu na hazina msomaji hata mmoja.

Hata hivyo, Tandale ina tatizo ambalo vitabu vingi vya fani hii, vilivyoandikwa kwa ajili ya miji yenye majina ya barabara na namba za nyumba, hulipita kimya. Swali linapohusu mahali, kama vile “mashine ya kusaga karibu nami”, Google huonesha ramani ndogo yenye biashara chache juu ya orodha ya kawaida, na kwa maelezo ya kampuni hiyo yenyewe, biashara hizo hupangwa kwa mambo matatu: zinahusiana kiasi gani na swali, ziko umbali gani kutoka kwa anayeuliza, na zinajulikana kiasi gani. Umbali hauwezi kupimwa kama mahali hapajulikani, na Tandale, ambayo kwa sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na wakazi zaidi ya 50,000, ilijengwa kwa sehemu kubwa bila mpango rasmi wa viwanja, nyumba zikishikana na vichochoro vikipinda kuelekea Mto Ng'ombe, kiasi kwamba mwenyeji humwelekeza mgeni kwa kutaja msikiti, kituo cha daladala au jina la mtu maarufu wa mtaa.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, wakishirikiana na wakazi na kuungwa mkono na Benki ya Dunia, walipita katika mitaa ya Tandale wakiwa na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti na kuandika barabara, vichochoro, visima, vyoo na maduka katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kazi hiyo ilifuatwa kuanzia mwaka 2015 na mradi wa Ramani Huria, ulioipanua hadi kata nyingi za Dar es Salaam kwa lengo la kukabiliana na mafuriko. Waliozichora ramani hizo hawakuwa wakifikiria daraja la tovuti, lakini walichokifanya ndicho msingi wa utafutaji wowote wa mahali, yaani kulipa kila eneo jina na nukta vinavyoweza kusomwa na kompyuta. Ipo tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: OpenStreetMap na Ramani za Google ni hazina mbili tofauti, hivyo duka lililoandikwa katika ya kwanza halionekani katika ya pili, na mwenye duka hana budi kujiandikisha katika zote mbili.

Kwa upande wa Google, kujiandikisha huko hufanywa kupitia Wasifu wa Biashara, ukurasa wa bure unaobeba jina, mahali, saa za kufungua, simu, picha na maoni ya wateja. Zamani uthibitishaji wake ulitegemea sana kadi ya posta yenye tarakimu za siri iliyotumwa hadi mlangoni kwa mwombaji, utaratibu usiofaa katika nchi ambamo barua kwa desturi huishia katika sanduku la posta, na kuongezwa kwa uthibitishaji wa video, ambapo mwenye biashara huonesha mlango, bidhaa na mazingira kwa kamera ya simu, kumelegeza kizuizi hicho. Jambo jingine lililosaidia ni operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23 mwaka huo, na iliyozipa barabara majina na nyumba namba hata katika maeneo ambayo hayakuwahi kuwa nazo. Anayejaza wasifu wake atafanya vyema kuandika anwani hiyo rasmi pamoja na majina ambayo watu wa huko wanayatamka, kama vile Mtogole, Pakacha au Mkunduge, na kuhakikisha kwamba jina la biashara, anwani na namba ya simu vinafanana herufi kwa herufi katika wasifu, katika tovuti na katika kurasa za mitandao ya kijamii, kwa sababu tofauti ndogo huifanya kompyuta ishindwe kuamua kama ni biashara moja au mbili.

Lugha ya wanaotafuta inastahili uangalifu zaidi kuliko unaopewa kwa kawaida. Tovuti nyingi za Kitanzania huandikwa ama kwa Kiingereza cha mapambo ama kwa Kiswahili cha ofisini, ilhali anayetafuta huandika jinsi anavyosema: anatafuta fundi friji, si fundi wa majokofu, na anauliza bei ya sementi au saruji kutegemea alikozoea kununua. Muuza nafaka anayetaka wateja wa Kenya hana budi kujua kwamba wao huandika “maharagwe” pale Mtanzania anapoandika “maharage”, na kwamba maneno yote mawili yanaweza kukaa katika ukurasa mmoja bila kuuharibu. Muundo wa Kiswahili nao una athari zake: umoja na wingi hubadilika mwanzoni mwa neno, kama katika mfuko na mifuko au gunia na magunia, na kwa miaka mingi mbinu za kompyuta zilizozoea kukata viambishi vya mwisho vya Kiingereza hazikuufaa mfumo huo. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia BERT, mfumo unaojaribu kuelewa maana ya sentensi nzima badala ya neno mojamoja, na mwishoni mwa mwaka huo ikaueneza kwa lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Tangu hapo haja ya kurundika kila umbo la neno katika ukurasa imepungua, ingawa haja ya kuandika sentensi zinazoeleweka imeongezeka.

Maneno hayo yanapaswa kuwekwa mahali yanapoonekana. Kichwa cha ukurasa, yaani mstari unaoonekana katika matokeo ya utafutaji kabla mtu hajaufungua ukurasa wenyewe, kina uzito mkubwa, na bado tovuti nyingi hukiacha kikisomeka “Karibu” au “Mwanzo”. Kichwa kinachosema “Maharage, choroko na kunde kwa bei ya jumla, Soko la Tandale, Dar es Salaam” kinaijulisha injini na msomaji kwa pamoja. Kinyume chake, orodha ya maneno muhimu ambayo mafundi wa zamani huificha ndani ya msimbo wa ukurasa haina faida yoyote kwa Google, iliyotangaza wazi mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga, na fundi anayetoza fedha kwa kazi hiyo leo ama hajasoma ama anategemea kwamba mteja wake hajasoma.

Swali gumu zaidi ni nini kiandikwe, na hapa ndipo sokoni pana utajiri ambao hakuna wakala wa matangazo wa Masaki au London anayeweza kuutengeneza. Soko la Tandale linajulikana jijini kwa nafaka na mikunde, na mfanyabiashara aliyekaa humo anajua mambo ambayo maelfu ya watu wanayataka na ni nadra kuyakuta yameandikwa: gunia la kilo 100 la maharage ya njano linauzwaje wiki hii na lilikuwaje wiki iliyopita, mchele wa Kyela unatofautianaje na wa Shinyanga ukiwa jikoni, mzigo wa mahindi hupanda bei miezi ipi, na gharama za ushushaji hulipwa na nani. Ukurasa mmoja unaotoa bei za jumla kila wiki, ukiwa na tarehe iliyo wazi na bei za zamani zikiachwa chini yake badala ya kufutwa, hugeuka kuwa rejea ambayo mama ntilie, mwenye duka la rejareja, mwandishi wa habari na mwanafunzi wa uchumi watairudia, na baadhi yao wataielekezea viungo bila kuombwa.

Mfano mwingine ni lumbesa, ujazaji wa gunia kupita kipimo chake kwa kulishonea kilemba juu, ambao Wakala wa Vipimo umekuwa ukiupiga vita na ambao mnunuzi wa mkoani humuuliza muuzaji kabla ya bei. Mfanyabiashara anayeandika ukurasa unaoeleza jinsi anavyopima, mizani yake ni ya aina gani, na mnunuzi aliye mbali atahakikishaje uzito, anajibu hofu halisi ya mteja; na kwa kuwa miongozo ambayo Google huwapa wakaguzi wake wa ubora inasisitiza uzoefu, utaalamu, mamlaka na uaminifu wa anayeandika, jibu la mtu aliyeshika mizani lina nafasi nzuri kuliko makala ya kubahatisha iliyonakiliwa kutoka kwingine. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ufundi wa kupandisha tovuti ni uandishi wa habari za biashara uliofanywa kwa uvumilivu, na uvumilivu huo ndio unaokosekana, si fedha.

Uzito wa ukurasa nao una nafasi yake. Google ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri katika simu mwaka 2015, ikaifanya kasi ya upakiaji katika simu kuwa kigezo mwaka 2018, na sasa hupima, pamoja na mambo mengine, iwapo sehemu kuu ya ukurasa huonekana ndani ya sekunde 2.5. Kwa msomaji anayenunua bando la siku, suala hili lina bei ya moja kwa moja, kwani picha sita za magunia zilizopigwa kwa simu ya kisasa na kupandishwa zilivyo zinaweza kufikia megabaiti 20, ilhali zikipunguzwa hadi upana wa kioo cha simu zinaweza kushuka chini ya megabaiti moja bila jicho kuona tofauti. Usalama wa mawasiliano, unaotambulika kwa herufi https mwanzoni mwa anwani, ni kigezo chepesi tangu 2014 na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti huutoa bure.

Kama ilivyo katika nyumba na viwanja, utafutaji nao una madalali. Wapo wanaoahidi nafasi ya kwanza ndani ya siku chache, na ahadi hiyo kwa kawaida hutimizwa kwa moja ya njia mbili: ama kwa kuipandisha tovuti kwa maneno ambayo hakuna anayeyatafuta, ama kwa kununua viungo na kuunda kurasa za uongo ambazo siku zikigunduliwa huishusha tovuti chini kuliko ilivyoanza. Ukubwa wa kampuni haukingi dhidi ya adhabu hiyo, kwani mwezi Februari 2006 Google iliiondoa katika matokeo yake tovuti ya Ujerumani ya BMW kwa kosa la kuonesha roboti kurasa zilizojaa maneno ambazo mgeni wa kawaida hakuziona. Mabadiliko ya upangaji yaliyoitwa Panda, ya mwaka 2011, yalizilenga tovuti zenye maandishi hafifu, na yale yaliyoitwa Penguin, ya mwaka 2012, yakazilenga zile zilizojijengea viungo bandia. Maoni ya wateja yanayonunuliwa kwa ajili ya Wasifu wa Biashara yamo katika kundi hilohilo, na mtu yeyote anayeona maoni kumi ya nyota tano yaliyoandikwa siku moja kwa maneno yanayofanana hahitaji kompyuta kumwambia yametoka wapi.

Linabaki suala la kama tovuti yenyewe inahitajika, kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara ndogo za Dar es Salaam huendeshwa kupitia Instagram na WhatsApp, na huendeshwa vizuri. Jibu la haki ni kwamba si kila mtu anaihitaji: fundi cherehani ambaye wateja wake wote wanatoka Tandale, Manzese na Mwananyamala atatosheka na wasifu uliojazwa vizuri. Lakini kinachosemwa ndani ya kundi la WhatsApp hakifikiwi na roboti, na bei iliyowekwa kama status hutoweka baada ya saa 24, hivyo ujuzi wote unaomwagwa humo kila siku haujengi daraja lolote. Mwenye wateja wa mikoani au wa nchi jirani atapata faida kwa kuwa na tovuti yake na jina la kikoa, yaani anwani kama zile zinazoishia na .co.tz, kwa sababu kikoa cha nchi huipa Google ishara kwamba ukurasa unawahusu watu wa Tanzania, na pia kwa sababu akaunti ya mtandao wa kijamii inaweza kufungwa na kampuni iliyo ng'ambo bila mwenyewe kupata pa kulalamikia.

Baada ya miezi mitatu au minne ya kazi, Google Search Console itaonesha maneno halisi ambayo watu waliandika kabla ya kuiona tovuti, na safu inayostahili kusomwa kwanza ni ya maneno ambayo tovuti imeshika nafasi kati ya 11 na 20, yaani ukurasa wa pili ambao wachache huufungua, kwani hapo nyongeza ya aya mbili au kichwa kilichoandikwa upya huweza kuleta matokeo ambayo kurasa mpya kumi hazitaleta. Idadi ya wageni, kwa upande mwingine, inazidi kuwa kipimo kisichotosha: tangu Mei 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo, kwanza Marekani na baadaye katika nchi nyingine nyingi, majibu yanayotungwa na akili mnemba kutokana na kurasa za wengine, na msomaji anaweza kuipata bei ya maharage bila kuufungua ukurasa ulioiandika. Kwa muuza nafaka, hesabu inayofaa ni ya simu zilizopigwa na magunia yaliyotoka, na njia rahisi ya kuipata ni kuweka katika tovuti na katika wasifu laini moja ya simu isiyoandikwa kwenye bango la dukani wala kwenye risiti, kisha kuziandika simu zake katika daftari la mauzo kila jioni.